Tundu katika Mtumbwi wa Papa

Ntoto, tarehe 11 Novemba 1955

Mpendwa Dada Anastasie,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe, shemeji Damien na watoto. Hamjambo huko Mushaki? Baridi haijamrudishia Damien kikohozi chake? Sisi huku chini tuko wazima. Papa analalamika kila asubuhi, kwa hiyo ujue hana ugonjwa. Mdogo wetu Rosalie mwilini hajambo. Hayo mengine ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Ni Papa aliyeniambia nikuandikie. Maneno yake ni haya: ndoa ya Rosalie na Benoît, yule seremala jirani yetu, haiko tena. Rosalie atapanda kwako wiki ijayo, na wewe na shemeji mumtafutie bwana huko milimani, mtu asiyeharibu vitu vya watu. Maneno ya Papa yanaishia hapo. Yanayofuata ni yangu, na lazima nianzie mbali kidogo.

Tangu mwezi wa tatu nimepewa kazi ya usafi. Natembea nyumba kwa nyumba na daftari na kijiko kirefu cha kuchotea maji. Watu wananiita gardi, na wakiniona kwa mbali wanamwaga hata maji ya kupikia. Sababu ni mbu mpya. Siye yule wa usiku tunayemjua. Huyu ni mdogo, mweusi, ana mistari myeupe miguuni na mgongoni, anauma mchana, na anapenda vifundo vya miguu. Dokta aliyetufundisha alisema alifika pamoja na mipira mizee ya magari iliyoletwa kwenye kambi ya wajenzi wa barabara. Pale kambini watu wanne walishikwa na homa, macho yakawa manjano, wawili wakafa.

Huyu hatafuti bwawa. Anataka maji kidogo, yaliyotulia karibu na nyumba: katika mkebe, chungu kilichovunjika, tundu la mti. Mayai anayabandika ubavuni mwa chombo, juu kidogo ya maji, kwa hiyo kumwaga peke yake hakutoshi. Usugue chombo kwa mchanga, kisha ukifunike ao ukipindue. Ukiona vidudu vinajikunja-kunja majini, na ukigusa chombo vyote vinazama, ndio watoto wake. Haipiti wiki mbili wanaruka. Nakuandikia haya uangalie na wewe, ingawa huko kwenu baridi inawasaidia.

Sasa, unaukumbuka mtumbwi wa Papa, lile gogo lililochongwa anamokamulia ndizi za pombe ya kasiksi. Kati ya pombe moja na nyingine anaujaza maji ili mti usipasuke. Mwezi wa nane nilichota humo kijiko kimoja, nikahesabu vidudu kumi na saba, nikaacha kuhesabu. Nilimwambia Papa kwa heshima. Akajibu: «Muti ikikauka inapasuka. Weye njo utanichongea ingine?» Nilirudi mara ya pili nikiwa nimevaa kofia ya kazi. Akaniuliza kama kofia hiyo ndiyo iliyonizaa.

Hapo nilikwama. Wenye mitumbwi wengine watatu nilikwisha kuwaandika daftarini, na mmoja wao, Papa Pierre, alifungwa siku mbili. Jina la Papa wetu sikuliandika. Pierre alipotoka aliniuliza mbele ya watu kama mbu wa kwetu hawana meno. Nilijifanya natafuta kalamu.

Kisha Jumapili moja, watu wakiwa kwenye sala, mtumbwi ulitobolewa chini, tundu la mviringo, upana wa kidole gumba. Maji yote yalikwisha. Papa aliporudi alichungulia, akasema tundu la namna hii ni la keekee, na keekee ya kutobolea mbao hapa Ntoto iko moja tu, ya Benoît. Papa alikuwa ameahirisha arusi mara mbili, basi akaona kijana amelipiza.

Wazee wakakaa. Benoît alisema si yeye, na siku ile keekee haikuwa kwake. Wakamuuliza ilikuwa kwa nani. Alitazama chini, akasema hawezi kumtaja. Wazee wakaona ni uongo. Tangu siku hiyo Rosalie hasemi na Papa. Anaweka chakula mezani na kuondoka.

Dada, keekee ilikuwa kwangu. Niliiazima Jumamosi, nikamdanganya Benoît kwamba natengeneza kiti. Jumapili nilibaki nyumbani nikisema nina daftari la kujaza. Niliona tundu hilo litaniokoa: nisimwandike Papa, na nisimwache aendelee. Benoît alijua tangu mwanzo. Alinyamaza kwa sababu mimi ni kaka ya Rosalie, na mimi nilikaa hatua tatu kutoka kwake, nikamwacha anyamaze. Nina haya sana. Na kuna la kunicheka: juma lililopita dokta alipita, nikamuuliza. Alisema ingetosha kuupindua mtumbwi kivulini juu ya vigogo vya migomba vilivyokatwa, mti ungebaki na unyevu wake.

Unamjua Papa, barua yake haitoki nyumbani kabla hajasomewa yote. Ameketi hapa mlangoni, anauliza mbona maneno yake machache yamejaza karatasi mbili. Naacha kalamu kidogo nimsomee.

Nimemsomea. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye keekee alivua kofia, akaiweka gotini. Kisha akauliza kama tundu linaweza kuzibwa. Nikamwambia seremala anaweza. Sasa amesimama, amemwita Rosalie, na ameniamuru nichukue barua hii mkononi. Nitaisoma tena kwa Benoît, wazee wakiwapo, bila kuruka neno.

Kwa hiyo itachelewa kukufikia. Msalimu shemeji, wabusu watoto, Mungu awalinde nyote. Usimngoje Rosalie.

Mimi mdogo wako,
Léonard