Kadi ya Shija wa Kisesa

Jumatatu, 5 Juni 1995
Nimepanga kadi za utafiti tangu saa mbili. Ni za watoto walioletwa kwa dharura wakiwa wameishiwa maji mwilini. Bahasha iliyofungwa, kama bahati nasibu, ndiyo iliyoamua nani apewe dripu ya haraka, nani ya polepole. Daktari Masanja anaandika ripoti ya kugawia hospitali nyingine. Amesifu kadi zangu.

Kwenye kadi ya Shija wa Kisesa nimeandika: AMEPOTEA, yaani ametafutwa nyumbani, hakuonekana.

Jumanne, 6 Juni
Hili nalisema hapa tu. Sikumtafuta. Juzi nilitumwa Kisesa kumwona, nikapitiliza mpaka Magu kwa Leah, muuguzi ninayempenda. Tangu ahamishiwe wodi ya huko, Mwanza imekuwa tupu. Alikuwa zamu. Alitoka dakika kumi, aproni mwilini, akacheka: "Umepotea wewe!"

Dakika kumi. Nilirudi siku imekwisha. Kesho yake nikajaza kadi kwa neno lake.

Alhamisi, 8 Juni
Ripoti imepigwa chapa. Inasema hakuna mtoto wa dripu ya haraka aliyefariki baada ya kurudi nyumbani. Shija alikuwa wa haraka.

Wafanyakazi wanapunguzwa. Mimi ndiye wa mwisho kuajiriwa. Sijamwambia Daktari. Namtamani Leah, na najichukia.

Ijumaa, 9 Juni
Nimemwambia Daktari Masanja. Hakufoka. Angefoka ningepumua. Alizitoa ripoti kwenye mfuko wa posta, moja moja.

"Nenda tena," akasema. "Safari hii ushuke."

Jumamosi, 10 Juni
Nimeshuka.

Mama Shija alikuwa barazani anachambua pamba. Shikamoo. Marahaba. Nikasema natoka hospitali, tulidhani wamepotea.

Hakuinua macho. "Sisi tupo hapa hapa. Nyie ndio mliopotea. Mlisema siku ya kumi na nne tangu atoke hospitali mtakuja. Homa ilianza siku moja kabla. Nikasema tusihangaike, wanakuja. Nikamfulia shati."

Shija alifariki siku ya kumi na sita.

Mama alinipa kigoda. Nikakaa, nikachambua pamba naye.

Jumapili, 11 Juni
Nimekata AMEPOTEA kwa mstari mmoja, lisomeke chini yake. Juu nimeandika AMEFARIKI, tarehe, na kwamba sikwenda. Daktari anaandika ripoti upya. Kuhusu kazi yangu hajasema.

Jana, nikingoja gari la kurudi Mwanza, gari la Magu lilipunguza mwendo. Utingo akaita, "Magu, bosi, nafasi ipo!" Nikatikisa kichwa.

Bado natamani kupanda.