Profesa wa Kibanda Umiza

Kaka Mwita,

Nimechoka, ndiyo maana nimekaa kukuandikia. Tangu tulipokuzika Nyanungu, pembeni ya kaburi la baba, sijapata siku ya kukaa tu. Hapa Genkuru dhahabu haijui matanga. Tulirudi kutoka msibani tukakuta karasha zinasaga mawe vilevile, vumbi liko vilevile, na watu wananiuliza kibanda umiza chako, kile cha video, kinafunguliwa lini.

Nikakifungua. Wateja ni wachache siku hizi, kila mtu ana simu yake. Waliokuja walitaka sauti yako. Niliweka filamu ya yule mtu anayeruka kutoka ghorofani akatua kwa miguu yake, nikajaribu kutafsiri kama wewe: "Uongo huu! Mvutano wa dunia haupokei rushwa!" Walicheka kidogo, kwa adabu, kunihurumia.

Kila aliyevaa koti jeupe kwenye filamu ulimwita Profesa, na kila Profesa ulimpa kwao. "Huyu kwao Nyanungu, amesoma mpaka vitabu vikamkimbia." Mwishowe jina likakurudia mwenyewe. Mzungu akimwaga dawa kwenye chupa, moshi ukatoka, wewe unasimamisha picha utueleze ule moshi ni wa nini. Ulifika kidato cha pili, mengine ukayaokota redioni, na mara nyingine ulikosea vibaya. Ulituambia mwezi ni barafu. Tulikupenda hivyo hivyo.

Kisha sauti ikaanza kukauka. Mchana ulikuwa karashani unasaga mawe, jioni kibandani unatafsiri. "Ni vumbi tu," ukasema. Watu wakasema umerogwa. Kule hospitalini Tarime daktari aliweka picha ya kifua chako kwenye mwanga, akasema ni kweli ni vumbi, vumbi la mawe, limeacha makovu mapafuni na hayafutiki. Uliitazama ile picha, ukaninong'oneza, "Angalau na mimi nimetokea kwenye picha." Nilicheka. Nilipotoka nje nilikaa kwenye ngazi peke yangu.

Jioni yako ya mwisho kibandani ulikaa juu ya ndoo, mimi nimesimama mbele ya watu. Wewe unaninong'oneza, mimi nasema. Kwenye filamu kulikuwa na kiwanda, sumu inavuja, watu wanaanguka. Ukanivuta mkono. "Simamisha. Waambie moshi wa zebaki nao ni sumu. Wasichomee dhahabu jikoni."

Nikasema. Kibanda kizima kikacheka.

"Mura, kijana wetu, wewe ulituambia mwezi ni barafu!" mmoja akakupigia kelele kule nyuma. "Leo zebaki ni sumu? Tuwekee ngumi bwana!"

Gati mkeo alikuwa mstari wa mbele. Alijua wote wanajua ni yeye anayechoma zebaki iliyokamata dhahabu, kwenye kikaango, ndani ya jiko lake. Aliinuka akatoka. Tulipofika nyumbani akakwambia, "Umenitangaza mbele za watu, baba Bhoke." Ulibeba kile kikaango na jiko la mkaa ukavitoa nje mwenyewe, ukisimama kila mara kuvuta pumzi. Nilitaka kukusaidia, ukanikatalia kwa mkono.

Hakuacha, kaka. Nikudanganye nini. Alihamia nyuma ya nyumba, basi, na siku ya kuchoma ananiletea Bhoke nikae naye. Chakula cha mtoto kinatokana na moshi huo huo. Sikuwa na nguvu ya kumlaumu mama yake.

Sasa kuna jambo uliondoka bila kulijua. Gati ana mimba yako. Tuligundua baada ya kukuzika, yeye akidhani ni majonzi yanayomkatalia chakula.

Wiki iliyopita alikuja kwangu na simu mkononi. Ndani kuna kijana amevaa koti jeupe, nyuma yake chupa za rangi rangi, anasema wanasayansi wamethibitisha kwamba glasi ya maziwa kila asubuhi inasafisha zebaki yote mwilini. Wanaoosha dhahabu kule mwaloni wote wanatumiana video hiyo.

"Wifi, ni kweli?" akaniuliza. "Maana nimeshaanza kunywa."

Alinitazama kama watu walivyokuwa wanakutazama wewe. Jibu la Profesa likanijia mdomoni na madoido yake yote. Nikalimeza.

"Sijui," nikamwambia. "Twende tukaulize zahanati."

Nesi alituketisha bila haraka. Akasema maziwa ni chakula kizuri lakini hayaondoi zebaki, na moshi ule unamfikia hata mtoto aliye tumboni.

"Hata nikichomea nje?"

"Hata nje, mama. Usichome kabisa, wala usiishike."

Gati hakubisha. Njiani ndipo alipolia. "Mwita aliniambia," akasema, "nami nikasikia aibu tu." Nilimchukua Bhoke mgongoni tukaendelea kutembea.

Basi kibanda nimekifunga. Nimeongea na mama, anatusubiri. Kesho asubuhi tunaondoka kwenda Nyanungu, mimi, Gati na Bhoke. Huko kuna mahindi ya kupalilia na ng'ombe wa kukamua, na mgongo wangu umeshaanza kulalamika kabla sijashika jembe. Tutaishije bila mwalo, sijui. Gati naye hajui. Lakini tunakwenda.

Pumzika, kaka yangu. Umesema vya kutosha kwa mapafu ya mtu mmoja. Mtoto wako atazaliwa karibu na hapo ulipolala, na mimi nitakuwepo. Akikua akaniuliza nyota ni nini, radi ni nini, ninachokijua nitamwambia. Nisichokijua nitamshika mkono tukaulize pamoja.

Ni mimi dada yako,
Rhobi