Lango Ulilolivuka Peke Yako

Mtaa wa Wiatrakowa 14,
Bydgoszcz.
2 Februari

Mpendwa mdogo wangu Irek,

Nimeandika "mpendwa" kwa sababu marehemu mama alitufundisha kuanza hivyo, na sijapata neno jingine la kumwanzia mtu kama wewe. Habari za huko ng'ambo, Haugesund? Hujambo? Mkeo Ingunn hajambo? Mtoto ameshaota meno ya juu? Natumaini wote mko salama. Wewe mwenyewe natumaini una nguvu za kutosha kuisoma barua hii mpaka chini, maana ukiiacha katikati nitajua tu.

Sisi huku tupo. Theluji imegeuka tope, lifti imekufa tena, na Mama Wiesława wa ghorofa ya juu bado anatembea juu ya vichwa vyetu kama anashindilia barabara. Mgongo wangu unauma. Habari za baba nitazifikia, usiniharakishe.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu unanikata. Wiki iliyopita sikumaliza hata sentensi ya kwanza, ukasema, "Dada, niko kazini, tutaongea." Haya, karatasi huwezi kuikata. Kaa chini usome.

Unakumbuka baba alivyotoka hospitali baada ya kile kiharusi. Mkono wa kulia ulikuwa umejikunja, vidole havifunguki hata kushika kijiko. Yule mtaalamu wa mazoezi alimpa mpira wa kubinya, baba akaubinya siku mbili kisha akamrushia paka. Ni wewe uliyenunua lile gemu la Bonde la Chumvi na kututumia, ukasema huenda vidole vikaifuata rimoti ya kuchezea. Hilo sikunyimi, ulifanya jambo la maana. Vidole vilifuata. Kila siku baada ya supu tulikaa kwenye sofa, yeye anacheza, mimi namsomea maandishi kwa sauti, na kufikia Novemba alikuwa anakoroga chai yake mwenyewe.

Tuligombana sana, tena kwa raha. Ugomvi wenyewe ulikuwa mmoja tu kila siku: tuanze na misheni gani? Gemu lile ni nchi nzima, unakwenda utakako, na kila kijiji kina mtu anayekuita na shida yake. Mimi nataka twende kwanza kwa anayelia. Baba akanicheka. "Dobrawa, wewe ukisikia mtu anapiga mayowe unaacha kila kitu. Ndiyo maana tumeuawa na mbwa mwitu mara tatu. Sisi bado wadogo, hatuna hata ngao!" Yeye alipeleka barua mitaani maisha yake yote, na alicheza hivyohivyo. Anakusanya shida zote za kijiji kwanza, anafungua ramani, anazipanga kwa njia, aliye mbali kwanza na wa karibu mwisho, ili asipite barabara moja mara mbili. Farasi wake alimpa jina Mama Mkwe, kwa sababu hatembei bila kulalamika. Nilikuwa nacheka mpaka mbavu zinauma.

Misheni kuu hakuigusa. Lile lango la ngome ya mtawala kule juu ya bonde tulilifikia mapema kabla ya Krismasi, tukiwa na silaha za kutosha kabisa. Nikamwambia, "Baba, tuingie basi." Akageuza farasi. "Bado. Yule mjane anataka kengele yake." Kengele ikapatikana, akasema bado, kuna daraja la kutengeneza. Daraja likaisha, akaanza kutafuta mbuzi wa watu. Mbuzi, Irek! Mwanamume mwenye upanga wa fedha anakimbiza mbuzi! Nilidhani anaogopa. Nilimtania kwamba ameingia ubaridi, akaendelea tu na mbuzi wake.

Sasa nikueleze ulichofanya wewe, kwa sababu nadhani bado hujui.

Akaunti ni yako, na sevu, yaani mchezo uliohifadhiwa, ni moja tu kwa huku na huko. Tulipatana tangu mwanzo kwamba wewe huko usiiguse. Ulisema mwenyewe, "Hiyo ni ya baba, mimi nina magemu yangu." Kisha ile wiki ya kwanza ya Januari, ukiwa umejilaza huko na mafua, ukaifungua. Eti uone baba amefika wapi. Ukaona lango lile pale, ukaona mtu wetu ana silaha zote, na wewe ukiona njia kuu huwezi kujizuia, hujawahi. Gemu lilikuuliza. Najua lilikuuliza kwa sababu nimeona maandishi yale kwa macho yangu: ukivuka lango hili, shughuli zote ulizoacha bondeni zitafungwa, unataka kuendelea? Ukabonyeza ndiyo. Ukapigana na mtawala, ukamaliza, ukaenda kulala. Wala hukututumia ujumbe.

Kesho yake baba alikula supu haraka, akawasha. Bonde lilikuwa limeungua. Vijiji vitupu, milango wazi, hakuna wa kumwita. Alizunguka na yule farasi nyumba hadi nyumba, mimi sina cha kumsomea. Alifika kwa msaga unga ambaye yeye baba alikuwa amemwahidi kumletea dawa ya mke wake, akakuta kibanda na majivu. Akasema polepole, "Nilimwambia nitarudi." Kisha akaweka rimoti mezani.

Nilikupigia siku ileile. Unakumbuka ulichonijibu? "Dada jamani, si gemu tu? Aanze upya, kwani kuna nini?" Ukacheka kidogo. Kile kicheko ninacho masikioni hadi leo, na nilikuchukia, Irek. Nimelea watu wawili katika nyumba hii, wewe na sasa baba, na sijawahi kumchukia yeyote kama nilivyokuchukia kwenye simu ile.

Wiki mbili baba hakugusa rimoti. Mkono ukaanza kujikunja tena, kijiko kikamshinda, nikarudi kumlisha kama mtoto wako. Nikimwambia tuanze upya, anageukia ukutani. Ikafika siku uvumilivu ukaniishia, nikampigia kelele. Ndiyo, baba yangu mgonjwa. Nikamwambia, "Kosa ni lako pia! Ungeingia pale langoni tulipofika, leo usingekuwa na la kulilia! Ulikuwa unaogopa nini?"

Akanitazama kama anayemtazama mjinga. Akaniuliza, "Mkesha wa Krismasi, nani anashika uma kabla wote hawajakaa mezani?"

Nikasema hakuna, baba.

"Basi. Irek alisema anakuja Krismasi. Hakuja, akasema anakuja Pasaka. Nilitaka tuingie naye pale. Yeye anapenda vita kubwa tangu mdogo. Ningempa rimoti mkono huu, aone vidole vinafunguka."

Umeelewa sasa? Mbuzi, kengele, daraja, kwa vyote vile alikuwa anapoteza muda akikungoja wewe. Lango lilikuwa lako. Uliwekewa, ukaja kuiba chakula chako mwenyewe jikoni.

Na mimi je? Hebu nikwambie linalonichoma, maana nimeamua leo sifichi. Mimi niliyekaa naye kila mchana, niliyesoma mpaka sauti ikakauka, niliyemfunga na kumfungulia vifungo vya shati, mimi nilikuwa mtu wa mbuzi. Misheni kuu alimwekea aliye mbali. Nililia bafuni nikiwa nimefungua maji ili asisikie. Sikulia kwa ajili yake, wala yako. Nililia kwa ajili yangu, na sioni aibu kuiandika.

Baba amenikataza kukwambia haya. Alisema, "Mwache, ana kazi na mtoto, usimtie unyonge." Mimi nakutia unyonge. Ukae nao.

Neno la siri la akaunti nimelibadilisha. Ukijaribu kuingia utagonga mwamba, na usinipigie kuniuliza, sitakupa. Ni akaunti yako, najua. Nishtaki.

Sasa jambo la mwisho, na ndilo lililonifanya nitafute kalamu.

Alhamisi tulikwenda hospitali kwa vipimo. Daktari hakuzunguka, alisema mbele yake kwamba mishipa si mizuri, kiharusi cha pili kinaweza kuja wakati wowote, tujiandae. Baba akamshukuru, akavaa kofia. Tulipofika nyumbani hakusubiri hata supu. Aliketi kwenye sofa na koti lake, akasema, "Washa. Tunaanza upya."

Ungedhani nilifurahi. Nilifurahi kwa dakika chache tu. Irek, baba huyu hapangi tena. Hafungui ramani. Anapita kijijini mbio, watu wanamwita pande zote, mjane anamwita, msaga unga anamwita, naye hageuki. Nilimsomea shida ya yule mjane neno kwa neno, nikadhani hajasikia. Akasema, "Nimesikia. Sina muda." Baba yetu! Aliyekuwa anapanda ghorofa nne kwa miguu kupeleka kadi moja ya posta! Anakwenda moja kwa moja kule juu langoni, hana ngao, anakufa njiani, anaamka, anakwenda tena. Vidole vinakakamaa lakini haachi.

Nikamuuliza kama tumngoje Irek. Akasema, "Irek keshaona mwisho wake. Nami nataka kuuona. Tutaingia mimi na wewe."

Hicho ndicho nilichokitaka siku zote. Nimekipata, na sikitaki. Kwa sababu namjua. Akishaingia pale na kumaliza, ataweka rimoti mezani na hataishika tena, maana hatakuwa tena na la kungoja.

Basi nimeanza kumdanganya. Maandishi ni madogo na macho yake hayafiki, mimi ndiye ninayesoma. Nimemsomea kwamba daraja la kaskazini limevunjika na fundi hataki kulitengeneza mpaka mbuzi wake wapatikane. Hakuna maandishi ya namna hiyo. Nimeyatunga mwenyewe nikiwa na bakuli la supu mkononi. Akaguna, akasema, "Mbuzi tena?" lakini akageuza farasi. Jana nilimtungia ugonjwa wa punda wa msaga unga. Leo sijui nitamtungia nini.

Ninafanya hivi ili ukute lango bado limefungwa. Ninakufanyia wewe, mdogo wangu, nami bado nina hasira nawe kiasi kwamba kalamu inatoboa karatasi. Pasaka ni mbali mno. Omba ruhusa. Wakikunyima, ondoka hivyohivyo. Usiniambie utaongea na msimamizi baada ya zamu, usiniambie kwanza umalize hiki na kile. Mimi si mwandishi, uongo utaniishia, na baba si mjinga. Siku atakayoniomba nisome taratibu, neno kwa neno, nitamwambia kweli.

Msalimie Ingunn, mwambie sina neno naye, na yule mtoto mpige busu shingoni pale panaponukia maziwa. Shangazi Lucyna anakusalimu, anauliza kama huko mnakula mkate wa kweli. Mama Wiesława naye kwa viatu vyake. Mungu akulinde barabarani na baharini, na akupe akili ambayo sisi tulishindwa kukupa.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kwa hasira zangu zote,

Dobrawa

N.B. Nilikuwa nimeshafunga bahasha, nikaifungua. Baba ameamka kutoka usingizi wa mchana na kukaa kwenye sofa. Amesema, "Dobrawa, njoo unisomee." Nikamwambia kuna mzee wa kijiji amepoteza nyuki. Amecheka kidogo, akasema, "Haya. Tumtafutie nyuki wake. Lakini mwambie huyo unayemngoja aharakishe."