Kelele za Cheni Yako

Baba Njeri wangu,

Ile baiskeli uliyotuachia imekaribia kunigombanisha na mtoto wako. Sasa ni yeye anayeipanda kila asubuhi kutoka hapa Kabiria hadi Lavington, anakopika kwa watu. Wewe ulienda nayo kazini Woodley miaka yote hiyo, na hukukubali kununua kifaa kipya hata siku moja. Cheni ikilegea, unatoa pingili. Jumamosi unailaza kwenye mafuta ya taa ndani ya karai langu, tena lile zuri! Nikikuita bahili, unacheka tu: "Mama Njeri, cheni na meno ya gia zimezoeana. Ziache."

Njeri alipopata mshahara wake wa kwanza akaweka cheni mpya. Nikafurahi. Kumbe haikushika yale meno yaliyolika. Ilikuwa ikipanda juu na kuteleza. Kwenye kilima cha Kawangware alikanyaga kwa nguvu, cheni ikaruka, akaanguka mbele ya lori. Mungu ni mwema, dereva alikuwa macho. Mtoto alirudi akisukuma baiskeli, goti limechubuka.

Fundi hakutuficha. "Mama, hizi vitu huzeeka pamoja. Rudisha cheni ya zamani, ama utoe zote, gia ya mbele na friwili ya nyuma."

Nikasema irudishwe ya zamani, ile ya mikono yako. Njeri akaniangalia.

"Mum, hiyo imebaki tu kukatika. Unataka nipande baiskeli ama nipande Daddy?"

Ebu sikia mtoto! Nilimkemea pale pale, halafu nikaingia ndani nikalia, maana alikuwa amesema kweli. Sina mwingine niliyebaki naye ila yeye.

Basi zimetolewa zote, zikawekwa mpya. Zako nimezifunga kwa gazeti nikaziweka chini ya kitanda, upande wako. Mnunuzi wa vyuma vikuukuu hupita akiita, nami nanyamaza mpaka apite.

Lakini kuna jambo sikuwahi kukwambia. Cheni yako ilikuwa na kelele. Nilikuwa nakusikia tangu pale kwenye kona, kra-kra-kra, ndipo naweka maji ya ugali jikoni. Ukiingia unakuta yanaanza kuchemka, unaniuliza, "Kwani umejuaje?" Nami najifanya sijasikia swali. Nilipenda ushangae hivyo.

Hii mpya haina sauti hata kidogo. Jana Njeri alifika, akaegemeza baiskeli ukutani, akanikuta nimekaa tu, sufuria kavu mekoni.

"Mum, kwani leo hatuli?"

"Tunakula," nikamjibu. "Ni vile sijamsikia akifika."

Hakuniuliza ni nani. Aliteka maji akayaweka mwenyewe.

Mimi ninayetega sikio bado,
Mama Njeri