Baba Ananiita Mteja

Kaka yangu mpendwa,

Hujambo huko uliko? Wifi na watoto wazima? Waambie shangazi yao ana hamu nao mpaka basi. Sisi tupo, tunasukuma siku. Mama mgongo unamsumbua kidogo, lakini ulimi wake mzima kabisa, usiwe na wasiwasi.

Ujumbe wako niliupata. Unasema mwisho wa mwezi unaacha kumlipa mwalimu wa baba, kwa sababu tangu kiharusi kimpige unatoa hela tu na mzee hajafika hata mlangoni kwa miguu yake. Unauliza faida iko wapi. Sikufichi, nilikasirika. Niliweka simu chini nikaenda kufua, nisije nikakujibu ovyo. Sasa nguo zimekauka na mimi nimepoa, ndiyo maana nakuandikia. Kwenye simu tungegombana bure.

Kaka, yule si mwalimu wa kutembea, ni mwalimu wa kuongea. Hospitali walimnyoosha miguu wiki chache, wakasema amefika alipofika, turudi naye nyumbani. Akili ya baba ipo, ila maneno yamehama mahali pake. Alikuwa akitaka maji, anaomba pasi. Mama naye alikuwa akiitwa mkasi, akawa ananuna kweli. Na mimi, ninayemwogesha na kumlisha, ananiita mteja. Ananiambia kwa adabu zote kwamba nguo yangu bado kidogo tu, nipite kesho. Fundi ni fundi, hata kiharusi hakikumwachisha kudanganya wateja! Mwanzoni tulicheka sana. Siku hizi nikianza kucheka, naenda kumalizia jikoni peke yangu.

Mwalimu alianza na picha za kikombe na kiatu, baba akazisukuma zote sakafuni. Mwalimu aliporudi akaomba mkasi, chaki na futi ya kupimia, akavipanga mezani, na hapo mzee akakaa vizuri. Taratibu maneno yakaanza kurudi. Sasa akitaka maji anasema maji. Akiumwa anasema ni wapi, hatumkimbizi tena hospitalini kwa kubahatisha. Mama amerudi kwenye biashara yake, kwa sababu mzee anaweza kuachwa na mtu mmoja. Hiyo ndiyo faida uliyoiuliza.

Ila mimi nina hamu yangu nyingine. Nataka aniite Kifungo. Unakumbuka nilivyomeza kifungo cha koti la watu, akanibandika jina hilo mpaka nikawa mama mzima? Nalitamani hilo jina, kaka. Kila asubuhi nikimvalisha shati nategea sikio. Wapi! Mteja, mteja.

Sasa kuna jambo nimekuficha, na naona haya kulisema. Wiki iliyopita mwalimu aliomba nguo alizoshona baba zamani. Nikatoa sandukuni suruali yako ya shule, ile uliyoichana magotini mpaka akachoka kuitia viraka. Baba akapapasa kiraka kimoja, akapapasa cha pili, akacheka kwa upande wa mdomo unaocheka, akasema Magoti. Jina lako, wazi kabisa. Akauliza Magoti yuko wapi, na kama amekula. Mama alilia. Mwalimu alipiga makofi. Mimi nilitoka nje.

Jioni nilimwekea mapajani gauni langu la utotoni. Akalipapasa pindo kwa makini, kisha akaniuliza mwenye gauni anakuja kulichukua lini.

Ningekupigia simu siku ileile, usingeandika ujumbe ule. Nilishindwa. Mimi ndiye niko naye kutwa, halafu ukaitwa wewe. Nilikuonea wivu, kaka. Nisamehe.

Tafadhali usimwachishe mwalimu. Wewe umeshaitwa. Mimi bado.

Mama anakusalimu sana, anasema umekuwa mgumu wa kupiga simu. Ukipiga, omba upewe baba. Msalimie wifi, wabusu watoto.

Ni mimi,
mdogo wako akupendaye.