Kikombe Kimoja cha Mti wa Yamna

Mlimani, Tatawin
Ijumaa, 13 Desemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Najia,

Assalaam alaikum, wewe na wote walio chini ya dari yako huko Lyon. Goti lako linasemaje? Bado unapanda ngazi hadi ghorofa ya tano na mifuko mikononi, au hatimaye umekubali kwamba nawe umezeeka? Na mwanetu Widad, tumbo linamwendaje? Analala? Miguu haimvimbi? Kila nikimaliza kusali namtaja yeye kwanza, ndipo nawataja wengine, na wengine wasinikasirikie.

Huku sisi wazima. Baridi imeshuka, meno yangu mawili yameniaga, na yule mbuzi mweusi uliyempenda kazaa mapacha. Mwanangu Lamjed amerudi kutoka Zarzis kwa likizo, mwembamba kama ufito, nami namlisha bsisa, ule unga wa nafaka za kukaanga uliokorogwa na mafuta, asubuhi na jioni mpaka anakimbia akiona bakuli. Shangazi Mahbuba yupo. Macho yamefifia, sasa anatambua mwanga tu, lakini ulimi ni uleule.

Sasa lile uliloniomba. Uliandika kwamba Widad, baada ya mimba mbili kuharibika, safari hii amefika mwezi wa saba, na kwamba hutaki mtoto apakwe mafuta ya dukani. Unataka ya mti wa Yamna, ule mzeituni wa bibi yetu wa kale, yaliyokamuliwa kwa mkono, kama tulivyopakwa sote tuliozaliwa katika nyumba hii. Najia, nilipoisoma barua yako nilitoka nikatazama bondeni. Mvua imetukimbia miaka mitatu. Mizeituni ya bondeni imebaki majani, na mingine hata hayo majani yamejikunja. Na anayeijua kazi ile ya mkono amebaki Shangazi peke yake, miaka tisini, vidole vimepinda.

Nilipanda kuutazama mti hata hivyo. Unakumbuka ulipo, juu kabisa, nyuma ya ukuta wa mawe walioujenga wazee ili maji ya mvua yasikimbie na udongo. Shina limepasuka katikati, mtu anapita. Sikuona kitu. Nikazunguka upande wa mashariki, nikakuta tawi moja limezaa. Tawi moja tu, dada yangu, jeusi tii kwa zeituni. Vijana wote wa bondeni wamekauka, na kikongwe huyu ambaye hakuna ajuaye umri wake ndiye aliyebaki na cha kutoa. Nilishika shina nikalia, wala sioni haya kukwambia.

Lamjed alivaa pembe za mbuzi vidoleni, kama marehemu baba, akalichana lile tawi taratibu. Tukapata kikapu, na hata hicho hakikujaa.

Kama ujuavyo, Lamjed yuko kwenye kinu kikubwa cha mashine, na siku hizi ni mmoja wa waonjaji. Hao wanakunywa mafuta matupu, kwenye vikombe vya kioo cha buluu ili rangi isiwadanganye, kisha wanaamua daraja. Yasiyo na dosari, yenye kunukia majani mabichi na kukuwasha koo mpaka ukohoe, hayo ndiyo ya kwanza, na hayo ndiyo mnayouziwa huko kwa bei ya kumtoa mtu machozi. Yanafuata yenye dosari ndogo. Yaliyoharibika yanaitwa ya taa, hayaliwi mpaka yapitie kiwandani yasafishwe. Hata mashudu hayatupwi, hukamuliwa tena kwa dawa, yakatoka ya kukaangia na ya sabuni.

Basi siku aliyofika alifungua mtungi wetu wa mwisho, ule wa pangoni, wa mwaka ule wa mvua. Akamimina kidogo, akanusa, akaweka chini.

“Mama, haya ni ya taa.”

Shangazi alikuwa anachovya mkate humohumo. “Ya taa?” akauliza. “Basi mimi ni taa, maana nimeyala miaka tisini na bado nawaka.”

“Bibi, mlikuwa mnalundika zeituni pangoni na chumvi, zinasubiri zamu ya ngamia wa kuzungusha kinu mpaka zinaumuka. Harufu hiyo ndiyo dosari yenyewe.”

“Harufu hiyo ndiyo iliyomlea mamako, we mtoto! Rudi kwenye buluu yako.”

Tulicheka mpaka jirani akachungulia. Lakini nilimwona Lamjed baadaye, akidhani hatazamwi, akichovya mkate wake na kulamba kidole. Ulimi wa kazini ni mmoja, wa nyumbani ni mwingine.

Kuhusu kikapu chetu alisema wazi kwamba hakiwezi kuingia kwenye mashine, mafuta yangelowesha chuma tu yakaishia humo. Shangazi akasikia. Akauliza ni mafuta ya nani. Nikamwambia ni ya mjukuu wa Najia, na Widad amekwisha kupoteza wawili. Akaweka mkate wake chini, jambo ambalo kwake ni ugonjwa. Kisha akasema, “Leteni jiwe langu.”

Ilibidi zeituni zianikwe kwanza juani zinyauke. Lamjed hakuweza kukaa kitako. Akashuka bondeni kwenye lile jiwe kubwa la Warumi, lenye mfereji wa duara, ambalo sisi tulilifanya jahazi la mchezo na mbuzi hulambia chumvi. Akachukua kopo la maji akaumwagia mfereji. Najia, maji yalizunguka jiwe lote, yakakutana mbele, yakatoka mdomoni bila kupotea hata tone! Aliniita nishuke nione, na magoti yangu haya. Karne zote hizo, na jiwe halijasahau kazi yake. Wakati ule waliwasha taa kwa mafuta ya nchi hii, wakajipaka wakitoka kuoga, wakayapakia majahazini yakavuka bahari hadi Roma kwao. Leo wenyewe na lugha yao hawapo, jiwe lipo. Nikakaa juu yake kama nilivyokaa nikiwa mtoto.

Siku ya kazi tulianza baada ya sala ya asubuhi. Mimi nilizisaga zeituni kwa lile jiwe la Shangazi la kuviringisha, taratibu, ngozi na nyama na kokwa pamoja. Mikono iligeuka zambarau mpaka viwikoni. Tukaweka ule uji kwenye bakuli kubwa la mti, Shangazi akaketi, akakunja mikono ya gauni, akaanza kukanda. Tukatia maji. Akakanda. Tukangoja mafuta yapande.

Hayakupanda. Ulikuwa uji mweusi tu, umenyamaza. Akakanda tena, tukangoja tena. Shangazi akaanza kupumua kwa shida, jasho linamtoka na baridi yote ile. Nikamwambia, “Shangazi, tuache, Mungu anajua nia yetu.” Akanitukana tusi ambalo siwezi kuliandika, kwa sababu barua hii huenda ikasomwa na mkweo.

Lamjed ndiye aliyeingiza kidole bakulini. “Bibi, maji ni baridi. Huyasikii?”

Hapo nikaelewa. Vidole vya Shangazi havisikii tena, Najia. Alikuwa anakanda maji ya barafu bila kujua. Aligeuza uso pembeni, na mimi moyo ulinikatika.

“Kazini tunapasha moto ule uji kiasi fulani,” Lamjed akasema, akataja nambari. “Ukizidi, mafuta yanaharibika.”

“Nambari zako kaziweke huko. Niambie kwa maneno ya watu.”

Akafikiri. “Kama maji ya kumwogeshea mtoto mchanga.”

“Ungesema hivyo tangu mwanzo,” akajibu Shangazi. “Basi pasha, na usinidanganye.”

Lamjed alipasha, akajaribu kwa kiwiko, akamimina kidogo kidogo. Akaweka mikono yake chini ya mikono ya Shangazi, wakakanda pamoja, polepole, huyu akisikia joto na huyu akijua mwendo. Nikaona doa. Kisha doa jingine. Yalikuwa yanatafutana juu ya ule weusi, yanagusana, yanakuwa moja, rangi ya dhahabu yenye ukijani. Nimeishi na zeituni maisha yangu yote, nikadhani nimekwisha kuzizoea. Nilisema subhanallah kwa sauti. Kwamba kutoka kwenye uchungu ule, mweusi, usiolika, hata mbuzi anautema, kinapanda chenyewe kitu safi namna ile, wala hakikulazimishwa na chuma wala moto! Ni maji ya uvuguvugu na mikono tu.

Shangazi alilaza kiganja juu ya maji, akakiinua kikimeremeta, akakipangusa kwenye ukingo wa kikombe cha kahawa. Akarudia na kurudia, mpaka kikombe kikajaa. Yakaisha hapo. Lamjed aliomba tone moja. Akalionja, akakohoa mara mbili, machozi yakamtoka.

“Haya, yape daraja,” Shangazi akamchokoza.

“Siyapi,” akasema, akabusu kile kiganja.

Nilisikitika kwamba ni kikombe kimoja tu. Lakini mtoto wa jirani, Sami, anayeruka Jumapili kuja huko, akaniambia uwanja wa ndege hawaruhusu mtu kupanda na chupa kubwa mkononi, na begi la chini hawezi kuliamini. Nikaleta kile kichupa nilichoyatilia. Akakitazama, akacheka. “Kinaruhusiwa, mama, hiki ndicho kipimo chenyewe.” Tazama basi! Miaka mitatu nalalamika ukame, kumbe mwenye kutoa alikwisha kupima mpaka mlango wa ndege.

Mapato mengine tuliyagawa kama kawaida. Yale ya mtungini tunaendelea kuyala, na kwa ukaidi Shangazi sasa anayaita “ya taa” kila akiomba aongezewe. Mashudu wamepata mbuzi, vipande vya kokwa vimeingia jikoni kwenye moto.

Lakini kuna jambo la mwisho, na hili soma ukiwa umeketi. Nilipokuwa namwosha Shangazi mikono alisema, bila kuulizwa, “Mwaka aliozaliwa Najia ulikuwa kama huu. Kikombe kimoja. Nilikikamua mimi, kwa ajili ya wangu.”

Nilidhani umri unamchanganya. Watu wote wamemwita tasa, naye aliwaacha waseme. Kumbe alimzaa mtoto, wa kiume. Alitoka kimya, bila uhai. Mama alijua, na wote wawili walinyamaza, kama walivyonyamaza wanawake wa zamani. Baada ya siku chache ukazaliwa wewe, kabla ya wakati, mdogo kama kifaranga, huna hata sauti, na mti haukuwa na zeituni nyingine. Kile kikombe kilikuwa dirishani, amekifunika kwa kitambaa.

“Nikakichukua nikampaka yeye,” aliniambia. “Nilianza na nyayo, kwa sababu zilikuwa baridi. Nikasugua, nikasugua. Akalia. Nilipomsikia analia, Haluma, nikasema basi, hayakupotea.”

Nikamuuliza kwa nini hakutuambia miaka yote hii. Akasema, “Mngejua, ningewezaje kumchapa Najia alipokuwa mtundu?”

Ndiyo habari yenyewe, mdogo wangu. Sikuweza kuizuia.

Msalimie Widad na mumewe, na mwambie asinyanyue vitu vizito. Lamjed anakusalimu, anasema mumuulize daktari kwanza kabla ya kumpaka mtoto. Shangazi anasema daktari naye aliwahi kupakwa na mtu. Wewe sikiliza wote wawili.

Na Shangazi Mahbuba anakusalimu kuliko wote. Anasema upake kwa mkono wako mwenyewe, uanze na nyayo. Kitu kimoja tu anakuomba: siku hiyo simu iwe wazi. Hawezi tena kumwona, lakini anataka kumsikia akilia.

Mungu amfikishe salama huyo tunayemngoja, na akutie nguvu mikononi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye tangu ulipokuwa kifaranga,
Haluma