Shang si chini!

Shifa, uko wapi? Shika simu! Nimeaibika mbele ya klabu nzima!

Si nilikwambia leo klabu ya chuo inakwenda kupanda miamba nje ya Guangzhou? Baridi kali, nimevaa suruali mbili na helmeti juu ya hijabu. Nikafungwa mikanda, nikapanda kama mita tano, nikatazama chini. Kosa! Nikaukumbatia mwamba.

Mwalimu Lin ndiye aliyenishikia kamba kule chini. Nikampigia kelele, "Shang! Shang!" nikidhani namwambia anishushe.

Shoga, "shang" ni juu!! Kushuka ni "xia"!

Kila nikilia "shang", yeye anakaza kamba, na kundi zima linanishangilia, "Jiayou!" Yaani nikaze! Nikaona hawa wameamua kuniua. Nikapanda huku nalia mpaka nikagusa kilele.

Niliposhushwa tu nikamvaa Dismas, Mtanzania mwenzangu pekee pale. "Kwa nini hukuwaambia?"

"Nilidhani umepata ujasiri," ananijibu, na simu yake bado inarekodi!

Lin akanipa mkono. Anasema katika wageni wote wa leo, ni mimi peke yangu niliyefika juu.

Bado naogopa, wallahi. Lakini nimeshauliza Jumamosi ijayo basi linaondoka saa ngapi.